Alama ya Mlima

Ignas Mloka hakupata kuliacha jani bila kuligeuza. Awe shambani, awe sokoni, awe ameketi kwa watu na mboga zinachambuliwa mbele yake, mkono wake ulikwenda wenyewe. Alilishika jani kwa vidole viwili, akalitazama mgongo, kisha akaliinua kwenye mwanga huku amefumba jicho moja. Jumapili moja ya Matawi, maandamano yakipanda kwenda kanisani, padri alimwona anachunguza kuti alilopewa abebe.

"Bwana Shamba," padri akamwambia baada ya misa, "hata Bwana Yesu unamkagulia matawi yake?"

"Padri, ugonjwa hauogopi maji ya baraka," Ignas akajibu, na kuti lenyewe bado lilikuwa mkononi.

Juliana, mtoto wa dada yake Veronika, alikua akiiona tabia hiyo kama watoto wengine wanavyoona baba zao wakivuta sigara. Kwa Waluguru mtoto ni wa ukoo wa mama, wa lukolo lake, na mjomba ndiye mwenye neno la mwisho juu yake. Baba yake Juliana alikuwa kwenye mashamba ya miwa, akipanda mlimani mara mbili kwa mwaka. Aliyempeleka shule alikuwa Ignas. Alipopata nafasi ya chuo cha ualimu, Ignas ndiye aliyebeba sanduku lake kichwani, kutoka Lumbwi hadi barabarani Mlali, mwendo wa saa tatu kuteremka. Njiani hakusema sana. Walipofika, alilitua sanduku, akafuta jasho, akasema, "Ukijua kitu, utuletee na sisi."

Kazi ya Ignas pale Lumbwi haikuwa nyepesi. Wazee walikuwa bado wanawakumbuka mabwana shamba wa mkoloni waliowachimbisha matuta ya ngazi kwa nguvu, na jina lenyewe la bwana shamba lilikuwa na uchungu mdomoni mwao. Ilimchukua miaka kumi kuaminiwa. Hakuhutubia. Aliingia shambani kwa mtu, akasalimia, akainama, akageuza jani. Akiona kitu alisema, asipoona alisema hakuona. Hilo la pili ndilo lililowafanya wamwamini kwa lile la kwanza.

Kisha ikaja ile miaka ambayo kila kitu kiliachiwa soko. Chama cha ushirika kilikufa, ghala lake likabaki na popo. Mbegu zilizokuwa zikiletwa na serikali hazikuja tena. Pikipiki ya Ignas iliegemea ukuta bila petroli mpaka magurudumu yakalala. Pale Mlali, Agustino, aliyekuwa karani wa chama hicho hicho, alifungua duka la pembejeo. Ukuta mzima aliupanga makopo ya mbegu za ng'ambo, yenye picha za kabichi kubwa kama vichwa vya ndama. Watu walizipenda zile picha. Hata Ignas alizipenda, mwanzoni.

Machi ya mwaka tisini na tatu, kabichi za Lumbwi zilianza kuugua. Ugonjwa ulianzia ukingoni mwa jani: rangi ya manjano iliyoingia ndani kwa ncha, kama mkuki, na mishipa ndani yake myeusi. Baada ya wiki mbili kabichi iliteguka shingo, ikanuka. Wapo waliosema ni jua la vipindi. Wapo waliosema mtu kapita na mguu mbaya. Agustino alisema ni ukungu, akauza dawa ya ukungu. Watu walipuliza mpaka mitaro ikawa na povu, na kabichi zikaendelea kuoza.

Ignas alikata shina la kabichi ya dada yake, akaona ndani duara jeusi, kama pete. Akakata la jirani, pete ile ile. Akazunguka mashamba kumi na manne, akakuta kwamba yote yaliyougua yalioteshwa kutoka kwenye aina moja ya kopo.

"Ugonjwa huu haukuja na upepo," alimwambia Veronika. "Umekuja ndani ya mbegu. Kwa dawa hiyo mnaosha majani tu."

"Kamwambie Agustino."

"Nimemwambia. Ananiuliza, umeiona mbegu ikiugua?"

Hapo ndipo palipokuwa na shida. Msimu wa kiangazi ulikaribia, na mwezi wa tano wanawake wangeotesha tena vitalu kutoka kwenye makopo yale yale. Ignas aliwapelekea wataalamu mjini majani na mashina, lakini gari la mboga lilikwama siku mbili matopeni, na kilichofika kilikuwa uji. Mtaalamu mmoja wa magonjwa ya mimea alimwandikia: kama kuna uwezekano, leteni picha.

Uwezekano ulikuwapo. Mzungu mmoja wa mradi wa misitu, alipomaliza muda wake, alimwachia Ignas kamera yake ya safarini, ndogo, nyeusi, ya kuingia mfukoni. Kijitabu chake kilikuwa cha lugha ya kwao. Kwenye jicho la kamera kulikuwa na pete ya kuzungusha, na juu ya pete alama tatu: kichwa cha mtu, watu watatu wamesimama, na mlima.

Juliana alikuwa nyumbani kwa likizo ndefu. Mjomba alimletea kamera uani, akaishika kwa mikono miwili kama mtu aliyebeba yai.

"Haya, msomi wetu. Alama hizi zinasemaje?"

Juliana hakujua. Hakuwa amewahi kushika kamera maishani mwake. Lakini mama yake alikuwa amesimama pale, na wanawake wawili waliokuja kuazima ungo, na wote walikuwa wakimtazama kama anavyotazamwa mtoto wa kwanza wa ukoo kufika chuo. Neno "sijui" lilimfika kooni likarudi.

"Ni mahali unapopigia picha," akasema. "Kichwa ni ndani ya nyumba. Watu ni mjini, kwenye watu wengi. Mlima ni kwa nchi za milima kama huku kwetu."

"Basi sisi hatuna la kuuliza," Ignas akasema kwa furaha, akaizungusha pete hadi mlimani.

"Kumbe chuo kinafundisha," mmoja wa wale wanawake akasema, na Veronika akatabasamu akitazama chini.

Ignas alipiga picha ishirini na nne. Veronika alimshikia majani, naye akaisogeza kamera mpaka jani likajaa kwenye kidirisha cha kutazamia. Ndani ya kidirisha kila kitu kilionekana, hata mishipa myeusi. "Safi," alikuwa akinong'ona kila alipobonyeza. "Safi kabisa." Filamu ilishuka na gari la mboga mpaka studio moja ya mjini, nayo ikaituma Dar kusafishwa. Picha zilipotoka zikapelekwa moja kwa moja kwa mtaalamu, kama Ignas alivyoagiza, ili siku zisipotee.

Majibu yalichukua wiki sita. Bahasha ilipofika Ignas aliita mkutano pale kwenye ghala la ushirika. Hakuifungua mapema. Alitaka waone wote kwa pamoja, na hilo ndilo kosa aliloweza kujilaumu nalo mwenyewe.

Ndani mlikuwa na picha zote, zimerudishwa, na barua fupi. Aliisoma kwa sauti, miwani imeshuka puani, na kadiri alivyosoma sauti ilizidi kupungua. *Ndugu Bwana Shamba, tumepokea picha zako. Kanisa tumeliona vizuri, pamoja na miguu ya mama aliyevaa ndala. Majani hatukuweza kuyaona. Tafadhali piga tena, ukisogea karibu zaidi.*

Picha zilipita mkono kwa mkono. Kila moja ilikuwa na wingu la kijani katikati, na nyuma ya wingu, wazi kama siku ya kiangazi, bati za kanisa zenye misumari ya kuhesabika, na ukingo wa milima.

Dominiko, mtani wake wa ukoo, hakuweza kujizuia. "Ignas, hii ni kabichi au ni ukungu wa alfajiri?" Kisha akageuka. "Na wewe Veronika, hongera! Miguu yako imefika kwa wataalamu, wewe mwenyewe bado uko hapa."

Ghala zima likacheka. Agustino, aliyekuwa amepanda makusudi kutoka Mlali, alisubiri kicheko kiishe.

"Mimi si mtani wako, Bwana Shamba, mimi nauliza tu. Umesema mbegu zangu zina ugonjwa. Ugonjwa uko wapi? Naona kanisa. Au mbegu zangu zimeambukiza kanisa?"

"Ugonjwa upo. Picha ndizo hazikutoka."

"Na nani alikufundisha kupiga picha?"

Juliana alikuwa amesimama nyuma, karibu na mlango. Mjomba hakugeuza hata shingo kuelekea kule alikokuwa.

"Nilijifundisha mwenyewe," Ignas akasema. "Kosa ni langu." Kisha akawageukia wanawake. "Nawaomba jambo moja. Msioteshe. Nipeni mwezi mmoja, nitapiga nyingine."

Asha, mjane aliyehamia Lumbwi kutoka Dumila, ndiye aliyemjibu, na hakumjibu kwa kejeli. "Bwana Shamba, sisi tunakuheshimu. Lakini udongo una unyevu sasa hivi. Mwezi mmoja ujao udongo utakuwa vumbi. Unyevu hausubiri picha."

Wiki hiyo hiyo vitalu vilioteshwa. Veronika alijikaza siku tisa bila kuotesha, kwa ajili ya kaka yake. Siku ya kumi alikwenda Mlali akarudi na kopo.

"Dada," Ignas alimwambia, "hata wewe?"

"Nisipootesha nitakula nini, kaka? Huko kugeuza majani kwako?"

Juliana akiwa njiani kurudi chuoni alipitia mjini, kwenye ile studio iliyopokea filamu. Mwenye studio aliitwa Mwinjuma, mtu wa pwani, mnene, mwenye sauti ya taratibu. Aliitazama picha moja, kisha kamera, ambayo Juliana aliiomba kwa mjomba kwa kisingizio cha kuipeleka kwa fundi.

"Dada, aliyepiga aliweka mlima?"

"Ndiyo. Ni mjomba wangu."

"Sasa, mlima maana yake ni mbali. Ukiweka mlima, kamera inatazama milimani. Jani umeliweka puani mwake, atalionaje? Hata kichwa, ukikaribia chini ya hatua moja na nusu, unapata ukungu. Hizi ni kamera za watalii, za kupigia mandhari na shangazi."

"Lakini kwenye kidirisha linaonekana."

"Kidirisha ni chako wewe. Jicho la kamera ni hili la mbele, na hili halikwambii linachokiona mpaka filamu isafishwe." Akavuta droo, akatoa miwani kuukuu. "Mjomba wako anasomea miwani? Ya namba tatu? Vizuri. Atoe kioo kimoja, akifunge mbele ya jicho la kamera, halafu auache mlima pale pale. Apime shubiri moja na nusu kutoka kwenye kioo hadi kwenye jani. Asiangalie kidirishani, kitamdanganya. Apime kwa kijiti."

Juliana hakwenda chuoni siku hiyo. Alipanda Lumbwi, akafika jioni miguu imemvimba. Njia nzima alikuwa amepanga maneno ya kukiri, akayapanga tena, na kila alipoyapanga yalikuwa mafupi zaidi.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba mwanangu. Umerudi? Kuna nini?"

"Fundi amesema tufunge kioo cha miwani." Akaeleza yote, shubiri, kijiti, kidirisha. Kisha akasema, "Mlima tuuache hapo hapo. Mlima haukuwa na kosa, ulikosa miwani tu."

Hakikuwa kitu cha uongo. Ndivyo Mwinjuma alivyoagiza. Ignas alimtazama kwa muda, jicho moja amelifumba kidogo, kama anavyotazama jani mwangani.

"Ndivyo alivyosema?"

"Ndivyo, mjomba."

"Haya," akasema. Akavua miwani yake, akaanza kulegeza fremu kwa ncha ya kisu.

Walifunga kioo kwa ukanda wa tyubu ya baiskeli. Walikata kijiti cha ufito wa maharage, wakakipima kwa shubiri. Ignas alikata shina, akaligusisha kwenye ncha ya kijiti, akakiondoa kijiti, akabonyeza bila kutazama kidirishani. Ilikuwa kazi ya kuamini kitu usichokiona. Safari hii hakunong'ona chochote.

Picha zilitoka. Pete nyeusi ndani ya shina ilionekana kama imechorwa kwa wino, na ile mikuki ya manjano, na mishipa. Barua ya mtaalamu ilikuwa ndefu, na ya heshima: ni uozo mweusi, hauna dawa ya kupulizia, husafiri ndani ya mbegu. *Msioteshe mbegu hizo, na shamba lililougua lipumzishwe kabichi kwa miaka miwili au mitatu.*

Barua hiyo ilifika mwishoni mwa Julai. Kabichi zilikuwa zimekwisha kuhamishwa kutoka vitaluni, na mikuki ilikuwa imeanza kuonekana ukingoni mwa majani. Mfuko wa posta ulioileta ulileta na bahasha nyingine, ya kaki. Serikali ilikuwa inapunguza watumishi, na jina la Ignas Mloka lilikuwamo.

Aliitisha mkutano wa mwisho akiwa si bwana shamba tena. Picha zilipita mkono kwa mkono, na safari hii hakuna aliyecheka. Agustino alipoambiwa alisema, "Mimi nauza, sitengenezi," na mwezi uliofuata makopo yale yaliondoka kwenye ukuta wake, yakaja mengine yenye picha nzuri zaidi. Hakuna aliyemwomba Ignas radhi. Walikwenda tu kila mtu shambani kwake.

Shamba la Veronika lilikuwa la ukoo, ngazi tano za ardhi nyeusi zilizoachwa na bibi yao. Ignas mwenyewe alizing'oa kabichi za dada yake, moja moja, akachimba shimo ukingoni. Juliana alifika kusaidia. Dominiko naye alikuja na jembe. Kwenye misiba ya Ignas na watu wake, Dominiko kama mtani ndiye aliyekuwa akijilaza kaburini na kukataa kutoka mpaka apewe chochote, watu wacheke, msiba upungue uzito. Siku ile alipoliona shimo limejaa kabichi, aliweka mguu mmoja ndani kwa mazoea. Akamtazama Veronika. Akautoa mguu, akaanza kufukia bila neno.

Nyumba kumi na nne zilikosa kabichi kiangazi kile. Wasichana wawili hawakurudi sekondari kwa kukosa ada. Asha alifungasha, akarudi kwao Dumila kuuza vitunguu barabarani. Juliana aliijua hesabu nyingine, ambayo hakuna mwingine aliyeipiga: wiki sita. Kama filamu ya kwanza ingetoka, barua ingefika kabla ya vitalu. Na filamu ya kwanza iliharibiwa na neno moja ambalo halikusemwa uani.

Ignas aliishi miaka minane baada ya hapo, akilima kipande chake na kuitwa Bwana Shamba na watu wasiomlipa. Kioo alikirudisha kwenye fremu, lakini kilikuwa kimechubuliwa na tyubu, hivyo alisomea jicho moja. Juliana alipata kazi ya kufundisha mjini, akapanga nyumba upande wa Mazimbu, akaolewa, akaachwa. Kila likizo alipanda Lumbwi, na kila alipopanda alikusudia kusema. Mjomba angemuuliza habari za wanafunzi, angegeuza jani la mgomba lililofungiwa chumvi aliyomletea, na siku ingekwisha.

Desemba ya mwaka elfu mbili na moja alimkuta amelala, kifua kimemkamata, pumzi inakwenda kwa hatua fupi. Veronika alikuwa jikoni. Juliana alikuwa amenunua kabichi Mlali, njiani, na aliiweka kwenye kigoda kando ya kitanda kwa sababu hakujua pengine pa kuiweka.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba." Macho yake yalikwenda kwenye kabichi.

"Mjomba, ile kamera. Ule mlima. Sikujua maana yake. Nilisema tu, kwa kuwa walikuwa wananitazama."

Ignas alikusanya pumzi. Nje mbuzi alilia, Veronika akamkemea.

"Nilijua siku ile ile uliporudi kwa fundi," Ignas akasema. "Ulinijibu haraka mno."

"Mbona hukusema?"

"Nilikuwa nakungoja."

Juliana aliinamisha kichwa. Alipokiinua, mjomba alikuwa amenyoosha mkono kuelekea kwenye kigoda, na mkono haukufika. Juliana alibandua jani la nje la ile kabichi, akamwekea mkononi, lakini vidole havikuweza kulishika, na likaangukia kwenye blanketi. Ignas akamtazama Juliana, jicho moja amelifumba.

"Geuza wewe," akasema. "Uniambie unaona nini. Na kama huoni, sema huoni."